Mkwe Asikukute Umelala

Soweto, Mbeya
4 Februari 2024

Mwanangu Yunisi,

Ugonile, mama. Sisi huku tumeamka. Mvua haijakatika tangu Ijumaa, maji yamejaa nyuma ya choo, lakini hakuna anayeumwa ila goti langu, na hilo silihesabu. Sarah wako hajambo kabisa. Anakula, anacheza, anagombana na jogoo wa jirani. Kila asubuhi ananiuliza mgongo wa mama umepona? Namwambia bado kidogo. Jana kanijibu, "Bibi, wewe kila siku bado kidogo." Miaka minne hiyo! Sijui huo ulimi kautoa wapi, labda kwa baba yake.

Genge langu la ndizi liko pale pale sokoni. Wanawake wa kwaya wanakusalimia. Mchungaji alikutaja kwenye maombi, akasema upasuaji wa uti wa mgongo, watu wote wakageuka kunitazama kama mimi ndiye niliyepasuliwa. Nililia kidogo tu.

Nakuandikia kwa sababu simu huko kwenu ni moja, anayo mumeo, na mimi siwezi kumwambia mkwe wangu mambo ya mwili wa binti yangu. Barua hii anaileta Rabson, yule jirani anayeendesha lori la mbao, kila wiki anapita Mafinga. Darasa langu la nne usilicheke. Mkono huu umezoea kumenya ndizi kuliko kushika kalamu.

Nilitaka kuja nikuuguze, Kyala, Mungu wetu, ananiona. Tangu ulipotoka hospitali wiki mbili zilizopita silali vizuri. Lakini nitalala wapi? Nyumba ina Andendekisye, mkwe wangu, na ina baba yake mzee Fanueli. Mama wa mke kulala chini ya paa moja na mkwe wake, hilo kwetu halijatokea. Mama mkwe wako angekuwa hai ningejibana naye kule jikoni.

Basi nikuusie kwa karatasi. Usibebe ndoo, hata ile ndogo. Usiiname kufagia, vumbi halijawahi kuua mtu. Usikalie kigoda. Beseni la kuogea liwekwe juu ya meza, uoge umesimama. Ukitaka kupiga chafya shika kitu. Ukitaka kucheka, subiri. Uji unywe wa ulezi, na maziwa.

Na neno moja la mwisho, mwanangu. Nimesikia kwa Rabson kwamba kitanda chako kimewekwa sebuleni kwa sababu chumba ni chembamba. Sasa mzee Fanueli lazima apite hapo kwenda chumbani kwake. Wewe nimekulea, unajua kutila, ile adabu ya kumkwepa mkwe. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hazungumzi naye, wala haonwi naye akiwa amejinyoosha. Wengine siku hizi wameacha, wanakaa na wakwe zao kochi moja wanatazama televisheni. Sisi hatujafika huko. Najua unaumwa, lakini mkwe asikukute umelala. Ukisikia anakuja, inuka, jifiche chumbani hata kwa kujikongoja. Wasije wakasema binti wa Tumpale hakufundwa.

Nimekutumia ndizi chane moja na kanga. Nijibu upesi.

Ni mimi mama yako, nisiyetulia.


Mafinga
18 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Ugonile. Barua nimeipata na ndizi nimezipata, ingawa Rabson alikiri njiani alikula tatu. Sisi hatujambo. Baridi ya hapa unaijua, imeingia hadi kwenye magodoro. Mwambie Sarah mgongo unapona, na aache kumsumbua jogoo wa watu.

Nikueleze ninavyoishi ili moyo wako utulie. Hospitali walinipa karatasi na yule dada wa mazoezi akanifundisha kabla sijatoka. Mambo matatu ni marufuku: kuinama, kunyanyua kitu kizito, na kujipinda kiuno. Kulala nalala, kukaa nikae dakika ishirini tu, na kutembea nitembee kidogo kidogo kila siku. Kuinuka kitandani ndiko kuna kazi. Sinyanyuki kama zamani. Nakunja magoti, nageuka ubavu mzima mara moja, bega na nyonga vinakwenda pamoja, halafu nashusha miguu huku nasukuma godoro kwa mkono. Mume wangu alipoona mara ya kwanza alisema, "Hapo umegeuka kama gogo la msonobari, hata baba angekupa kazi kule kwenye kiwanda cha mbao." Nilicheka, nikaumia, nikamtukana kidogo.

Amefanya mengi, Mama. Kitanda amekiinua kwa vipande vya mbao kiwe sawa na nyonga zangu. Amechonga kiti chenye tundu kwa ajili ya choo, maana kuchuchumaa siwezi. Lakini Jumatatu mpaka Jumamosi yuko kambini msituni wanapasua mbao, na simu anakwenda nayo. Jirani yangu Devotha, mama mmoja Mhehe, anakuja asubuhi na jioni, ananifunga mkanda, ananipikia. Katikati ya mchana niko peke yangu.

Kuhusu lile neno lako la mwisho, ninalitii. Yule mzee wa hapa ni mtu wa heshima sana. Akifika getini anakohoa mara mbili, anasubiri kidogo, ndipo anaingia. Mimi nikisikia kikohozi naanza kugeuka. Shida ni kwamba kugeuka kwangu kuna hatua zake, na yeye kusubiri kwake kuna mwisho wake. Mara nyingine nafika kwenye pazia la chumba na yeye anafungua mlango. Siku moja nilibaki nimeshika ukuta, naye akageuza uso akapita kama haoni nyumba. Siku nzima hakutoka chumbani.

Devotha ananicheka. Anasema, "Nyie Wanyakyusa mtauana kwa adabu." Anasema kwa nini nisilale tu, mzee apite, kila mtu na shughuli zake.

Lakini nakuuliza wewe, Mama: nifanyeje?

Mwanao, Yunisi.


Soweto, Mbeya
3 Machi 2024

Mwanangu Yunisi,

Ugonile, mama. Barua yako Sarah aliishika yeye kwanza, akaisoma kwa sauti ingawa kusoma hajui. Alisema imeandikwa mama anakuja kesho. Nikamwacha.

Huku viazi vimeshuka kutoka Uyole kwa wingi, soko limejaa matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Goti langu bado lina kelele zake. Binti wa mama Marta ameposwa na kijana wa Tukuyu, mrefu kama mlingoti, mama Marta anasema akiingia ndani wanazima taa ya darini. Mchungaji amepata gari. Kuku wangu mmoja katoweka na nina watu wawili ninaowashuku, majina nitakwambia ukipona.

Nimefurahi sana kwa kitanda na kile kiti. Mkwe wangu mwambie ndaga fijo, asante sana, lakini umwambie wewe, mimi nisitajwe. Na huo mkanda ufungwe juu ya nguo, usije ukakuchubua.

Umeniuliza swali. Nimekaa nalo siku nyingi.

Nikusimulie la kwangu. Nilipojifungua wewe, siku ya tatu, baba yake baba yako alikuja kutoka Kyela bila kutuma salamu. Nilikuwa nimelala na kidonda kibichi. Nilisikia sauti yake uani. Nilikuchukua wewe, nikatoka kwa dirisha la nyuma, nikakaa migombani kwenye mvua mpaka alipokunywa chai yake na kuondoka. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Lakini mpaka anakufa, yule mzee aliniita mke wetu mwenye adabu, na msibani kwake nilipewa nafasi ambayo wake wakubwa hawakupewa. Hicho ndicho nilichonacho mimi duniani, mwanangu. Shamba sikurithi.

Walioandika hiyo karatasi ya hospitali ni watu wazuri, lakini wao wanajua mifupa. Hawajui wakwe. Devotha naye ni Mhehe, ana mambo yao.

Jitahidi. Mzee akikohoa, wewe uwe umeshaanza. Tega sikio.

Kula vizuri. Nakuombea asubuhi na jioni.

Mama yako.


Mafinga
10 Machi 2024

Mama,

Ugonile. Rabson anapita leo na ana haraka, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Hatujambo. Natembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, mara nne kwa siku. Mguu wa kushoto una ganzi kidogo kwenye kidole gumba, yule dada wa mazoezi alisema huwa inatokea.

Nimeelewa uliyoandika.

Mbusu Sarah.

Yunisi.


Soweto, Mbeya
20 Machi 2024

Mwanangu Yunisi, mwanangu mpenzi,

Ugonile. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kilichobaki. "Nimeelewa uliyoandika." Mtu anayesema hivyo kwa mama yake ameacha kumuuliza.

Sisi wazima. Sarah alikuwa na mafua, yamekwisha.

Jumapili baada ya ibada nilikaa na mama Marta. Hukujua, hata mimi sikujua, kumbe mwaka juzi alipasuliwa mgongo kama wewe, alituambia amekwenda kusalimia ndugu Songea. Nikamwambia yangu. Nikamwambia na lile la mzee Fanueli, nikidhani atanisifu. Aliweka kikombe chini. Akasema, "Tumpale, mtu amekatwa mgongo, wewe unamwambia akurupuke kila mzee akikohoa? Huyo umemzaa au umemwokota?" Nikasema ni adabu. Akasema, "Adabu ya nini kwa mtu aliyelala? Mbona maiti tunaionyesha kwa wakwe na haiinuki?" Akanishika hapa mgongoni, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo panashikiliwa na nyama mpya, laini kama ya mtoto. Akasema wewe ukijipinda mara moja tu kwa haraka, kile walichokitoa kinarudi, tena kwa hasira.

Nilirudi nyumbani sikula.

Kwa hiyo nasema hivi, na ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Acha. Lala. Mzee akija, jifunike kanga usoni ukitaka, lakini usiinuke. Kama kuna atakayesema, aje aniseme mimi. Nilikosea.

24 Machi, Jumapili ya Matawi. Barua hii bado iko kwangu. Lori la Rabson limeharibika gia, liko Chimala, anasubiri kifaa. Mabasi ya Mafinga yapo kila saa pale stendi, ningeweza kumpa kondakta. Najiambia namngoja Rabson kwa sababu namwamini. Leo kanisani nikajiuliza kama ndiyo sababu kweli. Kuandika niliandika, lakini kuituma ni kama kuvua nguo sokoni. Nilijipa siku.

Na namba ya simu ya mkwe wangu ninayo. Iko kwenye daftari. Nimeishika simu mara mbili. Ningemwambia nini? Baba yako akipita, mkeo asiinuke? Mimi, kwa kinywa changu, nimtaje baba yake pamoja na kitanda cha mkewe? Nikaiweka.

1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka. Andendekisye alipiga jana. Alisema, "Mama, Yunisi amerudishwa hospitali, watampasua tena." Nikamuuliza nini kimetokea, akasema hajui, alikuwa msituni.

Naipeleka stendi sasa hivi. Naipeleka hata kama haina kazi tena.


Mafinga
2 Juni 2024

Mama,

Ugonile. Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia, najua umetuma salamu kwa kila basi. Nilikuwa wodini mpaka katikati ya Mei, na nilipotoka sikuwa na neno. Baridi imeanza kwa nguvu. Mume wangu ameacha kambi kwa sasa, anafanya useremala hapa uani ili awe karibu. Devotha bado anakuja, hatanii tena.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilinikuta wodini. Nimeisoma yote, na tarehe zake zote.

Nitakueleza mara moja tu halafu tusirudie.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 27 Machi. Devotha alininywesha uji, akafunga mkanda, akaenda shambani kwake kuvuna maharage. Mvua ikaanza kama saa nne. Nikasikia kikohozi, lakini hakikutoka getini. Kilitoka barazani hapo hapo. Mvua ilikuwa inamkimbiza, hakusubiri kama kawaida yake. Sikuwa na nafasi ya kukunja magoti wala ya kugeuka ubavu. Nilirusha miguu, kiuno kikajipinda, nikaanguka kati ya kitanda na meza. Ndani ya mgongo nikasikia kitu kimefyatuka. Halafu mguu wa kushoto ukawa wa mtu mwingine.

Yeye alisimama nje ya pazia la mlango wa mbele. Akasema, "Kuna nini humo?" Hakusema jina langu. Mimi sikumjibu, Mama, kwa sababu sijawahi kumjibu, miaka sita yote niliyoolewa. Nilipiga sakafu kwa kiganja mara mbili. Akaelewa. Nilimsikia akirudi kwenye mvua. Alikwenda nyumba tatu kutafuta mwanamke, watu wote walikuwa mashambani. Akarudi, akakaa barazani. Yeye nje ya pazia, mimi ndani. Alikuwa anasema peke yake, "Devotha atakuja. Atakuja sasa hivi." Saa tano ikapita, saa sita ikapita.

Saa saba haja ndogo ikanitoka, na sikuisikia ikitoka. Niliona sakafu imelowa. Hapo ndipo nililia kwa sauti.

Akaingia. Aliingia uso akiwa ameugeuzia dirishani. Alinishika makwapani kutoka nyuma, hakunitazama hata mara moja, akanivuta, akaninyanyua na kunitupa kitandani kama mtu anayeokoa mzigo kwenye moto. Mgongo ulikunjika katikati. Nilipiga yowe. Yule mzee miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kugeuza magogo kiwandani, mume wangu anasema hakuna aliyejua kama yeye mahali pa kushika na mahali pa kuegemeza. Angenitazama tu, angejua.

Alitoka kinyumenyume. Kutoka barazani akasema, "Sijaona kitu, mwanangu. Sijaona kitu." Alisema mpaka Devotha alipofika.

Daktari anasema mshipa wa fahamu ulibanwa siku nyingi mno kabla hawajaufungua. Haja ndogo sasa naenda kwa saa, kama mtoto anayefundishwa. Unyayo wa kushoto haunyanyuki. Ninauburuza, wamenipa kifaa cha plastiki cha kuushikilia ndani ya kiatu. Nilimuuliza utaamka lini. Akasema, "Kilichobaki baada ya mwaka ndicho utakachokaa nacho," na akatazama karatasi zake.

Aliniuliza pia kwa nini niliinuka kwa kukurupuka. Nilisema niliota ndoto. Mume wangu aliniuliza, nikamwambia hivyo hivyo. Barua zako nimezificha. Hakuna anayejua.

Lakini kuna jambo limezaliwa hapo. Yule mzee anaamini yeye ndiye aliyenivunja kwa kunivuta vibaya. Amehama ndani. Analala kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba, kwenye baridi hii, chakula anapelekewa huko na anakirudisha nusu. Mwanawe alimsihi mbele ya mzee wa kanisa, akajibu kwamba nyumba ambamo amemlemaza mke wa mtoto wake hawezi kuiingia. Sasa anakohoa kweli, siyo kile cha kubisha hodi. Mimi nipo kitandani, namsikia kupitia ukuta. Na siwezi kwenda kumwambia, kwa sababu sizungumzi naye.

Sarah usimlete kwanza. Ataniomba nimbebe.

Umeandika ulikosea. Umetuma salamu ukiuliza kama nina kinyongo. Sijui, Mama. Niulize kitu kingine.

Yunisi.


Soweto, Mbeya
23 Juni 2024

Mwanangu Yunisi,

Ugonile. Sarah mzima. Mengine ya huku hayana maana leo, sitayaandika.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nilikuwa nampa mama Marta anisomee, kwa sababu nikifika pale penye sakafu macho yanakataa. Amenisomea mara tatu, mara ya tatu alikataa.

Sitakuuliza tena kama una kinyongo. Ukiwa nacho, kishike mpaka uchoke.

Mwanangu, wewe umesema uongo mara mbili kunificha mimi. Kwa daktari na kwa mumeo. Na mzee wa watu amelala bandani kwa kosa langu, anakohoa. Mimi nilidhani nakupa heshima niliyokuwa nayo. Nilikupa hofu yangu. Nilipokaa migombani na wewe kifuani, siku tatu baadaye ulishikwa na homa ya mapafu, tulikuwa karibu kukuzika. Hilo nililiruka nilipokusimulia. Kila nikisimulia huwa naliruka.

Sasa sikiliza. Genge nimelikabidhi kwa binti wa mama Marta. Sarah atabaki kwa mama Marta mpaka useme mwenyewe aje. Alhamisi napanda basi la asubuhi. Nimempigia Andendekisye kwa mdomo wangu. Nilimwambia, "Mkwe, nakuja kumuuguza mwanangu na nitalala ndani ya nyumba yako." Kisha akasema, "Karibu, Mama." Alikuwa analia yule kijana, au ni mafua.

Nikishuka sitakuja kwako kwanza. Nitazunguka nyuma, niende bandani. Nitamwita mzee Fanueli kwa jina na nitamtazama usoni, mimi mama wa mke, na nitamwambia mbele ya mwanawe: hukumvunja wewe, nilimvunja mimi kwa karatasi, nilimwandikia aruke kila unapokohoa. Barua zangu uzitoe ulikozificha, uziweke juu ya meza, mzee azisome mwenyewe. Akinifukuza nitakaa barabarani mpaka achoke. Akinitukana ni haki yake. Lakini bandani halali tena.

Na wewe mguu wako ninajua siwezi kuuamsha. Nitakufunga mkanda, nitakuhesabia hatua, nitakupeleka haja kwa saa zako. Mkeka wangu nitautandika pale sakafuni kati ya kitanda na meza. Hapo hapo.

Yule mzee ataingia kwa mlango wa mbele, kama mwenye nyumba. Najua atakohoa. Mtu hawezi kuacha mambo ya miaka sabini kwa siku moja, na wewe mwili wako utataka kuruka, najua, mimi ndiye niliyeufundisha.

Nitakuwa nimekushika bega. Usiinuke.

Mama yako,
Tumpale